Bei ya Kitu ni Kile Ulichokiacha

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, aliyegawa riziki kwa kipimo akijuacho Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyejulikana sokoni kwa uaminifu kabla hajapewa Utume, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Bodo na Funzi na Msambweni, na kila itakakofika karatasi hii. Usiku mmoja katika mwezi wa Shaaban, darasa yetu ilipokwisha na watu wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni, alibaki bwana mmoja ameketi karibu na nguzo. Ni mvuvi, mtu wa makamo, asiyekosa safu ya mbele isipokuwa usiku wa bamvua awapo baharini. Alingoja hatta msikiti ukawa mtupu, kisha akasogea.

"Maalim," akasema, "nina shilingi elfu sitini. Ni fungu langu katika minazi ya marehemu baba. Binti yangu yuaolewa baada ya mfungo, na mamake na mashangazi zake wataka harusi ya siku tatu. Naomba uniandikie kikaratasi kwamba siku tatu ni israfu, nikawasomee, wanyamaze."

Tukamwuliza: "Na tukikuandikia, fedha utazifanyia nini?"

"Nitatengeneza mashine ya mashua."

"Na deni la tajiri wako wa samaki?"

"Deni la tajiri lipo tu, Maalim. Halina haraka."

Hatukumwandikia. Si kwamba israfu hatuijui hukumu yake. Kurani katika Sura ya Bani Israil yawahisabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani, na aya mbili baada ya hapo yamkataza mtu asiufunge mkono wake shingoni kwa ubakhili wala asiukunjue wote. Lakini tuliona kwamba swali aliloleta si swali lililomkaa. Alitaka fatwa ya kumtoa katika ugomvi wa nyumbani, na hali jambo lililokuwa mbele yake ni hisabu ambayo hajaifanya. Nasi masheikh, tuseme kweli, mara nyingi huwapa watu hukumu ya halali na haramu kisha tukawaacha wajifie katika hisabu, kana kwamba hisabu si katika dini, na hali mirathi na zaka zote ni hisabu tupu.

Basi tukaanza hapa. Watu wengi hudhani bei ya kitu ni shilingi zilizotoka mfukoni. Sivyo. Shilingi ni kipimo tu, kama pishi lilivyo kipimo cha mtama, wala hakuna alaye pishi. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, ameifananisha dinari na dirhamu na kioo: hakina rangi yake chenyewe, bali huonesha rangi za vitu vingine. Ukizitazama elfu sitini kwa jicho hilo, huoni karatasi. Waona harusi, waona mashine, waona nyavu, waona karo ya mtoto, na zote haziwezi kuingia pamoja. Ukishika moja, nyingine imekuponyoka. Na ile bora katika hizo zilizokuponyoka, hiyo ndiyo bei ya kweli ya ulichoshika. Wenye elimu ya uchumi huiita gharama ya fursa iliyoachwa, na huiweka katika mlango wa kwanza wa vitabu vyao. Lakini mama wa Bodo aliyesimama dukani na shilingi mia, akapima baina ya mafuta ya taa na unga, aijua bila ya kitabu.

Wala si fedha peke yake. Mwenye kukaa barazani tangu Adhuhuri hatta Magharibi akitazama simu hakutoa shilingi, naye adhani amekaa bure. Hakukaa bure, amelipa malema ambayo hayakusukwa na kisa cha Mitume ambacho hakumsomea mwanawe. Mtume (S.A.W.) ametukhabarisha kuwa mja ataulizwa Siku ya Kiama juu ya umri wake aliumaliza katika nini, na juu ya mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Zingatieni kuwa mali ina maswali mawili. Sisi twajitahidi sana katika lile la kwanza, na la pili twalisahau.

Katika Hadithi aliyoipokea Anas, amekuja Ansari mmoja kwa Mtume akiomba. Akaulizwa nyumbani mwake mna nini. Akasema mna nguo nzito, sehemu huivaa na sehemu huitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, mwengine akatoa mbili, akauziwa huyo wa mbili. Kisha Mtume akamwamrisha Ansari anunue chakula cha watu wake kwa dirhamu moja, na kwa ya pili anunue shoka. Mpini akautia kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni, asimwone kwa siku kumi na tano. Yule mtu akarudi naye amepata dirhamu kumi.

Twaisoma Hadithi hii kila mwaka kwa kukataza kuomba, na ni sawa. Lakini tazameni mgawo. Hakuambiwa anunue mashoka mawili, kwani watoto walikuwa na njaa siku ile. Wala hakuambiwa ale dirhamu zote mbili. Na nguo nzito aliyotandika maisha yake yote iliondoka. Baridi ya usiku ule ndiyo bei ya shoka.

Tukarudi kwa mvuvi wetu, tukamtaka aanze na lile alilosema halina haraka.

Mambo haya mwayajua nyinyi wa pwani kuliko sisi, lakini tuyaandike kwa ajili ya vijana. Tajiri humpa mvuvi nyavu, au mashua, au fedha za kununulia. Haandiki riba, wala hamsumbui kwa tarehe. Sharti lake ni moja: samaki wote wapimwe kwake, kwa bei yake. Mvuvi wetu alichukua nyavu za shilingi 30,000, na imetimia miaka miwili. Tukamwuliza bei ya tajiri wake, na bei anayopata jirani yake asiye na deni kwa samaki wale wale wa tafi na changu. Akajibu kuwa tofauti yaweza kuwa shilingi hamsini kwa kilo, siku nyengine zaidi, siku nyengine chini. Tukachukua hamsini. Akapata kilo nane kwa siku, siku ishirini kwa mwezi, na miezi minane tu kwa mwaka, ile mengine tukamwachia kusi. Tukaandika nyuma ya kalenda ya msikiti: kwa siku shilingi 400, kwa mwezi 8,000, kwa mwaka 64,000, kwa miaka miwili 128,000. Na deni lenyewe, zile 30,000, liko pale pale kama jiwe la nanga.

Akainama akaitazama ile kalenda kwa muda. Kisha akasema neno moja: "Zote hizo?"

Ndugu zetu, hatuandiki haya ili mwende mkawatukane matajiri wa samaki. Tajiri naye ana hisabu yake. Fedha zake zimelala katika nyavu za watu ambazo huenda zikapasuka miambani. Wapo wavuvi waliochukua nyavu Bodo wakaenda kuvulia Shimoni au Vanga, wasirudi. Na pepo za kusi zikivuma wiki tatu mfululizo, ni yeye apelekaye unga na dawa nyumba ambazo hakuna mwengine azitazamaye. Mvuvi wetu mwenyewe alimtetea, akasema mkewe alipojifungua kwa taabu, gari iliyompeleka hospitali ya Msambweni ililipwa na tajiri. Haya ni kweli, nayo yana thamani. Kosa tulionalo ni kwamba faida imefichwa pahali pasipohisabiwa. Mkopo wenye sharti la kumnufaisha mkopeshaji wanazuoni wameuhisabu katika riba, na Mtume amekataza mkopo na mauzo visifungwe pamoja katika mapatano mamoja. Ukiitafuta hikima ya katazo hilo, basi ni hii kalenda ya msikiti: vikifungwa pamoja, mtu haoni tena alipalo. Kadhalika amekataza watu wa mji kuwaendea wenye misafara njiani na kununua kwao kabla hawajaijua bei ya soko, na katika riwaya nyengine muuzaji akifika sokoni ana khiari ya kuvunja. Leo kijana mwenye simu aweza kuuliza bei ya Msambweni na Ukunda kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Ajabu ni kwamba simu i mkononi, na bei haulizi, kwani haina faida kwake kuijua; samaki wameshafungwa.

Hapo akasema: "Basi nilipe deni. Lakini mashine je? Nimeshaitilia elfu arobaini na tano. Nikiiacha, zimepotea."

Hili, ndugu zetu, ni katika mitego mikubwa ya shetani, na hatta wasomi wakubwa na serikali nzima hunasa humo. Mashine ile ni kuukuu, imepelekwa kwa fundi mara nne, na kila mara hurudi na ugonjwa mpya. Sasa fundi ataka 25,000 nyengine. Mvuvi wetu hasemi kuwa itapona. Asema kuwa amekwisha kuilipia. Tukamwambia: zile 45,000 zimekwenda ukitengeneza, na zimekwenda usipotengeneza. Hazimo tena katika hisabu, kama nanga iliyokatika kamba kwenye kina kirefu. Haikutaki uzame ukaifuate. Jiulize jambo moja tu: lau mashine hii ningeikuta leo ufuoni, si yangu, na mwenyewe aniuzia kwa 25,000 katika hali yake hii, ningeinunua? Akacheka, akasema hangeichukua hatta kwa bure, kwani ingemkalia uani.

Na Mtume (S.A.W.) katika Hadithi iliyo ndani ya Sahihi Muslim ametuhimiza tuyapupie yatunufaishayo na tutake msaada kwa Mwenyezi Mungu, kisha likitupata la kutupata tusiseme "lau ningalifanya kadha," bali tuseme kuwa Mungu amekadiria, kwani hiyo "lau" hufungua kazi ya shetani. Watu huichukua Hadithi hii kuwa ni ya kupoza moyo tu. Sisi twaona ni kanuni ya mali pia. Aliyepita na lililopita yuko huru kulitazama la mbele, na anayeililia khasara huilisha.

Ikabaki harusi. Na hapa tulikuwa na hadhari, kwani binti ni mmoja, na furaha ya waja si haramu, na Mtume mwenyewe alimwamrisha Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Hatukumuuliza: harusi au hapana harusi? Hilo si swali. Tuliuliza: kila nyongeza yaleta nini? Siku ya kwanza huleta ndugu, majirani, mashahidi wa nikaha, na maskini wa mtaa wakala. Hiyo yafaa bei yake. Siku ya pili huwaleta wale wale, wameshiba. Siku ya tatu huleta turubai, vyombo vya muziki, na wageni wa Ukunda ambao wana harusi nyengine mbili wiki ile ile. Sahani ya kwanza na sahani ya mia tatu zina mchele sawa na gharama sawa, lakini manufaa yake si sawa. Vivyo hivyo malema: kumi ya kwanza wayatia penye samaki, la ishirini walitia popote lilipobaki nafasi, na pengine mafuta ya kuliendea yazidi kilichomo ndani. Mwenye akili haulizi "malema ni mazuri?" Huuliza "hili moja la kuongeza, litalipa?" Na Mtume amekitaja kuwa ni chakula kiovu kile cha walima ambacho huitwa matajiri na huachwa mafakiri, nasi twaongeza, kwa aibu, kwamba wapo walioalika mafakiri siku tatu kisha wakawa mafakiri wao.

Katika mazungumzo hayo alipita mzee mmoja aliyesahau fimbo yake, akasikia, akatia neno: kwamba shida yote hii ni bei, na serikali ingeweka bei ya samaki ikaisha. Tukamweleza kwa ufupi. Kaskazini samaki ni wengi na bei hushuka. Kusini wavuvi hawatoki na bei hupanda, na mama karanga akikaanga samaki wadogo kwa bei ya juu wiki hiyo si kwamba roho yake imebadilika na upepo. Bei ile yamwambia mlaji ageuze mboga, ale kunde, na yamwambia mvuvi mwenye chombo madhubuti kwamba safari ya leo yalipa. Watu wa Madina walimwomba Mtume awawekee bei iliyopanda, akakataa, akasema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei, mwenye kuzuia na mwenye kukunjua, na kuwa yeye ataka kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Lakini bei iliyopandishwa kwa kula njama, au kwa kuficha chakula, hiyo si ya upepo. Ibn Taymiyya ametofautisha mambo haya mawili waziwazi katika kitabu chake cha Hisba, na mwenye kuhodhi chakula Mtume amemwita mkosa. Mzee akachukua fimbo yake, akasema atafikiri.

Liko na la bahari yenyewe, ambalo hatupendi kulipita kimya. Juya limepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, nalo bado huvutwa pahali pahali. Mwenye kuvuta juya hupata samaki wadogo leo, na bei yake ni samaki wakubwa wa mwaka ujao. Lakini bei hiyo hailipi yeye peke yake, hulipa bandari nzima, na kwa hivyo kwake yeye huonekana rahisi. Tazameni kinyume chake kwa jirani zetu wa Gazi na Makongeni. Tangu mwaka 2013, katika mradi wa Mikoko Pamoja, wamehifadhi hekta 117 za mikoko, na watu wa ng'ambo huwalipa kwa hewa chafu ambayo miti hiyo huimeza na kuizika matopeni. Fedha hizo zimeingia katika maji na shule za vijiji hivyo. Boriti ambazo hazikukatwa zilikuwa na bei siku zote. Hakukuwako aliyeihisabu.

Sasa mtataka kujua mvuvi wetu alifanya nini. Alikwenda kwa tajiri asubuhi ya Jumatatu na 30,000 mkononi, akalipa mbele ya mashahidi wawili. Tajiri alishangaa, kisha akamwombea kheri, na Mungu amjazi kwa hilo. Harusi ilikuwa siku moja, tuliihudhuria, pilau ilitosha na watoto wa madrasa walikula kwanza. Ilimgharimu 18,000. Zilizobaki 12,000 zilikwenda shuleni kwa mwanawe aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa karo. Mashine iko uani imefunikwa gunia, na yeye hutoka kwa tanga. Shangazi mmoja wa bibi harusi hatta leo hatuitiki salamu vizuri.

Wala hatutaki kuwaficha upande wa pili. Kusi la mwaka huu lilipokaza, hakukuwa na mtu wa kumpelekea unga. Alikaa siku kumi na moja bila ya kutoka, na mara mbili mkewe alikopa dukani. Akatwambia: "Maalim, hii nayo ni bei, na hukuiandika kwenye kalenda." Akasema kweli. Hatukuiandika, na ilitupasa.

Kwa sababu hiyo wanadarasa wamekubaliana kuweka sanduku la mkopo mwema, kila mwenye uwezo atie akiweza wakati wa kaskazi, lifunguliwe kusi. Na Jumatano ijayo baada ya Isha, inshaallah, tutasoma mlango wa salamu ya biashara, ambapo mnunuzi hulipa fedha leo kwa kitu kinachojulikana aina yake, uzani wake na siku yake ya kutolewa, kwa bei iliyokatwa mbele ya macho ya wote wawili. Kwani twadhani tajiri na mvuvi waweza kukutana hapo bila ya kudhulumiana. Matajiri wa samaki tumewaalika, na wawili wameitikia. Aliye na deni la nyavu na aje na daftari lake. Asiye na daftari aje na kalenda ya mwaka jana, kalamu tunazo.